Mke Wangu Alipokausha Kasiterite

Mimi shule niliiacha mapema, lakini katika mtaa wa Kasuku nzima nani ashike kasiterite, yale mawe ya madini ya bati, kiganjani aijue kama mimi? Wakati wa vita nilisukuma baiskeli yenye magunia toka Punia mpaka hapa Kindu, matope magotini. Kwenye kizuizi askari hakuuliza mzigo umetoka wapi. Aliuliza, "Unamupelekea nani?" Ukikosea jina, safari yako imekwisha.

Wanunuzi waliokuja na ndege walikataa mali yenye maji. Basi mke wangu aliimwaga juu ya bati la paa, makaa chini, akiigeuza kama karanga. Bati lile njo lilitulisha vita nzima.

Leo swali limegeuka: umetoa wapi? Kila gunia linafungwa etiketi yenye namba palepale machimboni, na namba hiyo inafuatwa mpaka viwanda vya ng'ambo.

Msimu wa mvua uliopita lori langu lilifika toka Punia magunia yameloa chapachapa. Mtaji wangu wote ulikuwa mle. Nikayaacha uani, nikaenda kumwita ajenti wa serikali wa migodi aje kuyakagua.

Tuliporudi, nilisikia harufu ya makaa. Etiketi zimekatwa zote, zimepangwa vizuri kwenye sahani. Mke wangu anatoka jasho, anacheka.

"Papa, nimekukaushia. Hawatapata cha kusema."

Ajenti hakucheka. "Mama, hii sasa ni mawe isiyo na baba. Inaweza kuwa ya watu wa bunduki. Naikamata."

"Wewe! Hii ni ya Punia! Hata unifunge macho, naijua!" nilifoka.

"Mukubwa, kiganja yako haina namba."

Akatoa simu aite polisi. Mimi, ambaye bunduki haikunitetemesha, nilimshika mkono. Nilimsihi mpaka akasema: irudi machimboni, yeye akiwa juu ya lori, walioifunga waitambue. Wakiikana, imekwenda.

Dereva alipiga makofi. "Papa, unapeleka mawe Punia? Kesho utapeleka samaki kwa mto Lualaba!"

Mke wangu alifunga etiketi kwenye ncha ya kitenge, akapanda juu ya magunia kabla sijamwambia kitu.

"Shuka, barabara ni mbaya."

"Nilikata miye. Waniulize miye."

Kule Punia wachimbaji walichota, wakanusa, wakabishana: mawe kama yao, lakini harufu ya moshi si yao. Kisha mmoja akamwuliza mke wangu alikausha kwa moto gani. Akaeleza yote, bati, makaa, vita. Wakacheka, wakaitambua mali yao. Ajenti akafunga etiketi mpya, na mimi, mtu mzima ninayejulikana Kasuku nzima, nilikuwa nimeshika midomo ya magunia.