Mtu wa Pampu Mbele ya Lango

Katika mabonde yetu ya Asturias, kaskazini mwa Hispania, mvunja mgomo hutupiwa mahindi mlangoni, apate kujua kwamba watu wanamwona kuku. Benigno Lastra aliyakuta ya kwake asubuhi moja ya Novemba, yametapakaa kutoka kizingitini hadi barabarani. Mkewe Oliva alikuwa amesimama akiyatazama kana kwamba ni damu.

"Umefanya nini, Benigno?"

"Bado sijafanya."

Jioni iliyotangulia alikuwa ametamka baani kwamba atakwenda kuwasha pampu za mgodi. Hilo lilitosha.

Mgodi wa makaa ulikuwa ufungwe kabla ya Krismasi. Waajiriwa wa kampuni waliahidiwa pensheni ya mapema au mafunzo ya kazi nyingine. Benigno, mtu wa pampu, alikuwa mmoja wao. Wanaume wanane wa mkandarasi, waliochimba bega kwa bega nao, hawakuahidiwa chochote. Ndipo wanane hao wakajifungia katika handaki la chini kabisa, wakaapa kutotoka hadi nao waingizwe katika mpango wa msaada. Bonde zima liligoma kwa ajili yao. Kwa desturi, wagomaji huwaachia njia watu wa pampu, wanaoyatoa maji mgodini. Safari hii kampuni iliwavisha wasimamizi wawili nguo za watu wa pampu, ikawapitisha ili wakawarubuni waliojifungia. Njama ilipogunduliwa, wanawake walilifunga lango kwa kila mtu, nayo kampuni ikakata simu ya kuzungumza na walio chini.

Nilikuwapo pale langoni. Nimesomea historia, na bado sina hakika kama elimu hiyo ingemsaidia yeyote kujua asubuhi ile nani anasema kweli. Benigno alipotokea na taa yake mkononi, mimi niliona mtu aliyekwisha kupata chake.

"Kuku kajileta mwenyewe!" mwanamke mmoja alipaza sauti. "Mzee, hukushiba yale ya mlangoni?"

"Oliva hamlishi siku hizi," mwingine akadakia, wakaangua kicheko.

Sabina hakucheka. Mumewe, Falo, alikuwa miongoni mwa wanane. "Rudi nyumbani, mzee. Chako kiko salama, usiwatilie wenzio mchanga kwenye kitumbua."

"Sabina, tazama bomba pale darajani. Tangu jana halitemi kitu mtoni. Pampu zimezima. Maji yakifunika mota, hakuna wa kuziwasha tena, na baada ya mota ni handaki la kina Falo."

"Maji, maji! Hata wale wawili walikuja na hadithi ya maji."

"Wale walitaka kuwatoa. Mimi sitaki watoke."

Sabina alimsogelea.

"Sema tena."

"Wabaki hukohuko mpaka wapewe haki yao. Ila wabaki wakavu."

Kutoka upande wa pili wa uzio, meneja alikuwa akisikiliza. "Lastra! Ukishuka bila idhini yangu, pensheni yako nitaifuta. Wakitoka, maji hayatamdhuru mtu."

Nadhani ni maneno hayo yaliyomgeuza Sabina, ingawa sikuwahi kumuuliza. Alilitazama bomba kavu, akamtazama meneja. Akifungua lango na mzee akawa mwongo, mgomo umekwisha. Asipofungua, huenda akawa mjane.

"Nakwenda naye," alisema hatimaye. "Nyinyi fungeni nyuma yetu. Asipite mwingine, hata awe padri."

Walishuka kwa njia ya mteremko, ile ya zamani isiyohitaji lifti. Macho yetu yote yalikuwa kwenye bomba, na Oliva, aliyekuwa amefika mbio bila koti, alinishika mkono kwa nguvu hata vidole vikaniuma. Kisha bomba likakohoa. Likatema tope, likanyamaza, na hapo nikasikia mtu akianza kusali. Ndipo maji meusi yalipotoka kwa kishindo.

Sabina alirudi amelowa hadi kiunoni, peke yake.

"Yuko wapi?" Oliva akauliza.

"Kabaki, dada. Maji yalikuwa yanalamba mota. Anasema zile pampu ni kongwe, zikiachwa zitazima tena. Kahamia kwa kina Falo."

"Amevaa soksi nene?"

"Sikumvua viatu nikaangalia, Oliva!"

Wakacheka huku wanalia.

Kampuni ilipokubali kuzungumza, ilijikuta na majina tisa ya kujadili. Wanane walipata kazi ya kupanda miti kwenye vifusi vya mgodi, kwa mkataba ambao Falo aliuita mfupi kuliko kivuli cha adhuhuri. Benigno alirudishiwa pensheni, lakini pungufu. Niliwahi kumuuliza kama anaona ametendewa haki. Aliniuliza kama nitakula maharage, maana Oliva alikwisha kupakua.