Mama Digrii awasha feni, mita ya tanuri yapanda

Saa nne asubuhi, mwanamke mfupi mwenye ovaroli la buluu amepiga magoti nyuma ya tanuri la vigae, bisibisi mkononi. Mbele yake kuna kisanduku cha waya, hatua moja tu kutoka ukuta wa moto. Anakigusa, anaruka. "Mama wee! Hiki si kisanduku, ni kikaango!"

Kiwandani wanamwita Mama Digrii. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ni kuhakikisha vipimo vya joto havidanganyi. Leo hana nafasi ya kukosea: mchomaji wa tanuri hili, ambaye ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, ameambiwa mzigo huu ukiharibika afungashe virago.

Mizigo mitatu mfululizo imemtokea puani. Vigae elfu nne kila mzigo, vyote vimepinda na kugandana kwa moto uliozidi.

"Mita ikisema elfu moja na mia moja, nafunga gesi," analalamika mchomaji. "Sasa nimsikilize nani, mita au majini?"

Meneja hataki kusikia. Wiki iliyopita, tanuri likiwa limepoa, Mama Digrii mwenyewe aliichomoa themokapo, kile kipimo kinachokaa ndani ya moto, akaitia kwenye maji ya barafu, kisha yanayochemka. Mita ikasoma sifuri, halafu mia. Safi kabisa!

"Basi mkosaji ni shemeji yako," meneja akamwambia, "na wewe unamkingia kifua."

"Iliniuma, sikufichi," anasema Mama Digrii. "Usiku kucha najiuliza, kifaa gani hiki, kwenye barafu mkweli, kwenye moto mwongo?"

Themokapo, anaeleza, ni waya mbili za metali tofauti zilizoshikanishwa nchani. Ncha ikipata moto, unatokea umeme kiduchu. Mita hupima tofauti ya joto kati ya ncha na mahali waya hizo zinapoishia, kisha hujazia joto la chumba ilimo, ikiamini zinaishia kwake. Ndiyo maana zikirefushwa, lazima ziungwe na waya za aina ileile mpaka kwenye mita.

Kifuniko kinang'oka. Lo! Ndani kuna waya ya shaba ya kawaida, ya taa za nyumbani. Fundi umeme aliiunga hapo miezi miwili iliyopita, waya ilipokatika.

"Aliona umeme ni umeme. Na kafunga vizuri kweli, hata tepu kaweka!" Mama Digrii anacheka mpaka machozi. Waya zimeishia kwenye kikaango, mita inajazia ubaridi wa chumba. Tofauti hiyo yote ya joto inapotea kwenye hesabu, mita inasoma pungufu. Wiki iliyopita kisanduku kilikuwa kimepoa pamoja na tanuri, ndiyo maana kwenye barafu ilisema kweli.

Meneja anaitwa, anakuja amekunja uso. Mita inasoma 1,040, na kwa nusu saa haijatikisika. Mama Digrii anaielekeza feni kwenye kisanduku. "Gesi asiguse mtu!"

1,045. 1,060. 1,078.

"Haiwezekani," meneja anasema. "Feni inapuliza baridi, joto linapandaje?"

"Halijapanda, bosi. Lilikuwepo siku zote. Mita ndiyo kwanza inaanza kusema kweli."

Anazima feni, namba zinateremka. Anawasha, zinapanda tena. Mchomaji anarukaruka, jasho linamtiririka. "Nilisema mimi! Nilisema! Shemeji, wewe ni mke wa kaka, lakini leo umenizaa!"

Meneja anakohoa, anamnyooshea mchomaji mkono. "Yaishe, fundi. Rudi kwenye tanuri lako."

Waya inayofaa italetwa alasiri. Ukimuuliza Mama Digrii kama sasa atapumzika, anatikisa kichwa. Anasema mwaka jana wachomaji wawili wa tanuri namba mbili walifukuzwa, kisa vigae vilivyogandana. Hakuna aliyewatetea, hata yeye.

"Mchana huu nimefungua kisanduku chao," anasema, sauti ikishuka. "Shaba tupu. Sasa nataka meneja awapigie simu, kwa mdomo wake, awaombe warudi. Namba zao ninazo."