Dakika Tisini hadi Dar

Ghala la zamani la ushirika mjini Bariadi sasa ni ofisi ya wakala wa ndege za watu binafsi. Jumatatu, nikitoka kufundisha, nilimkuta pale mzee wa Mwamapalala, aliyefiwa na mwanawe Dar es Salaam.

"Ni mbali kiasi gani, mwanangu?" alimuuliza wakala.

"Mwanza hadi Dar ni dakika tisini tu, mzee. Achana na treni ya Malampaka!"

Mzee akatoka na tiketi yake, nikamsindikiza posta kupiga simu. "Mzikeni kesho saa kumi. Nitakuwepo. Baba ndiye anayetangulia kutupa udongo."

Kesho yake alfajiri tulipanda basi moja kwenda Mwanza. Kabla ya Kalemela, mafuriko yalikuwa yamezoa daraja. Tukashuka, tukakaa kando ya maji mchana kutwa.

"Saa ngapi, mwalimu?"

"Saa kumi, baba."

Akainama, akachota udongo wa barabarani, akautupa majini.

"Sasa wanamfunika," alisema.

Wakala hakudanganya. Angani ni dakika tisini, na anga limeshapata wafanyabiashara. Daraja letu bado linamsubiri mfanyabiashara wake.