Kitambaa cha Mashine ya Tekla

Mke wangu Tekla ni mkunga wa zahanati ya usharika wetu, huku juu Kilolo ambako mvua ikishika barabara inageuka uji. Nusu ya vijana wanaonipita wakisema "Kamwene, babu" walipokelewa na mikono yake. Mimi nilikuwa mpasua mbao, na mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Yeye ni mtu wa maneno machache. Mama mjamzito akimuuliza jambo, Tekla hasemi "sijui". Anasema, "Ngoja tuangalie," na kweli anaangalia.

Wafadhili walipotuletea mashine ya utrasaundi, ile kompyuta inayomwonyesha mtoto tumboni, ilikuja na waranti na mkataba wa matengenezo. Ikiharibika, kampuni ya Dar inaleta fundi na kipuri bure. Mkataba wenyewe ulikuwa wa Kiingereza, mnene kama Biblia. Sisi wazee wa usharika tukasaini, tukapiga makofi, tukala wali.

Shida ya ile mashine ilikuwa uzito. Picha ilikuja kwa kujivuta, na kina mama walikaa benchini hadi jua linazama. Basi sikukuu ya mavuno ilipofika, Veneranda, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, akasimama kanisani akasema mnada wa mwaka huu ni wa mashine ya Tekla. Weee! Watu walinunua majogoo na njegere kama wamerogwa. Boga la Anjela lilinunuliwa, likarudishwa mezani, likauzwa tena, likarudishwa, likauzwa tena. Kikapatikana cha kununulia memori ya kuiongezea nguvu kompyuta. Zabron, mtoto wa hapa hapa anayetengeneza kompyuta Iringa mjini, akapanda kuja kuiweka wakati Tekla yuko semina Mbeya, maana ilikuwa zawadi ya kumshtukiza. Aliporudi akakuta mashine inakimbia, tena imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni. Tekla alilia kwa furaha. Hata mimi nilitafuta pa kugeuzia uso.

Sasa, kuna huyu Faustina, mke wa jirani yetu Adrian. Mimba yake ya kwanza ilitoka kwa damu nyingi, tukamzika mtoto. Alipopata nyingine, Tekla alimpima mapema, akaona kondo la nyuma liko chini, limeziba njia.

"Usiogope, mwanangu," akamwambia. "Mara nyingi linapanda lenyewe mimba ikikua. Utarudi tuangalie. Likiwa limepanda, utajifungulia hapa hapa. Likiwa bado, utakwenda mjini ukapasuliwe kabla uchungu haujaanza."

Wakati wa kurudi ulipofika, mashine ikagoma kuwaka. Kimya kabisa. Tekla akapiga simu, kampuni ikasema fundi anakuja wiki hiyo hiyo. Adrian alitaka ampeleke mkewe mjini, lakini barabara ilikuwa imekatika, na kumpakia mwanamke wa hali ile kwenye pikipiki ni kuitafuta damu kwa makusudi. Tukasema tumngoje fundi, si tuna mkataba?

Fundi akaja na pikipiki yake, tope mpaka masikioni. Jina lake Sifaeli, mtu mzima, mpole, ana adabu zake. Faustina alikuwa ameshakaa benchini, nami nilikuwa pale pale nagongea dirisha misumari.

"Ni pawa saplai tu, Mama, kile cha kuipa umeme," akasema baada ya kupima. "Kipuri ninacho." Akakitoa begini, akakiweka mezani. Faustina akatabasamu.

Kisha akaigeuza mashine aifungue, akasita. "Hii stika ya kampuni nani ameikata?"

Tekla akamweleza habari ya zawadi. Sifaeli akachungulia ndani kwa tochi. "Memori ni nzuri, tena imewekwa vizuri. Siyo iliyoharibu. Ila mkataba unasema ikifunguliwa na mtu asiye wetu, waranti imekufa na huduma imekwisha."

"Turudishe ile ya zamani?"

"Stika hairudi, Mama."

Akatoka nje kumpigia bosi wake. Tulimsikia akimbembeleza. Aliporudi hakututazama, akakichukua kile kipuri akakirudisha begini.

"Si ndicho hicho?" Tekla akamuuliza.

"Ndicho, Mama."

"Kingeiwasha?"

"Sasa hivi tu."

"Basi kiweke, baba yangu. Nakuomba."

"Kina namba yake ofisini. Nikikiweka, kazi sina. Nina watoto, Mama."

Hapo damu ikanipanda. Nilikuwa na nyundo mkononi, nakwambia! Tekla akanishika kiwiko. "Baba Aroni, mwache. Naye katumwa." Akampigia Zabron, Zabron akasema kile kifaa dukani hakiuzwi, wanacho wao tu. Pikipiki ikaondoka na dawa yetu mgongoni.

Faustina alikuwa bado amekaa pale benchini. "Mama, limepanda?"

Tekla alikichukua kile kitambaa, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Sijui, mwanangu."

Damu ilianza alfajiri ya kesho yake, barabara haijafunguka. Tulimbeba kwa machela, wanaume tukipokezana kwenye utelezi, Tekla akitembea pembeni kamshika mkono, mpaka lilipokuwa gari ng'ambo ya daraja. Mjini wakamwokoa Faustina. Mtoto hapana. Daktari akasema kondo halikuwa limepanda.

Siku ya kuhani msiba wa mtoto, umoja wa wanawake walikuja na kuni na unga. Veneranda akasimama mbele ya mkeka aliokalia Faustina.

"Tekla, tumesikia mashine imechoka. Usivunjike moyo, mama. Mavuno yajayo tunafanya mnada mkubwa kuliko ule, tumwite tena Zabron aiongezee memori nyingine."

"Ndiyo!" wakaitikia.

Nikafungua mdomo. Tekla akanitazama, na mimi Liberatus, niliyewahi kumjibu mpaka mkuu wa wilaya, nikaufunga.

"Asanteni, mama zangu," akasema Tekla.

Faustina akainua kichwa. "Na mimi nitatoa kuku," akasema.