Majani ya Rafu Yangu

Najua wapo watakaoona vibaya nikimsema marehemu mume wangu. Waone. Hasira hii nimekaa nayo tangu enzi za vijiji vya ujamaa, na haijapoa.

Tulikuwa tunaishi Same mjini, kwenye nyumba ya serikali ya vyumba viwili. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, yeye karani katika ofisi ya chama. Anayeijua Same anajua: upepo kutwa, vumbi kwenye chai, vumbi kwenye meno. Mimi nilizaliwa juu milimani, kwenye migomba na mifereji, na mwaka wangu wa kwanza kule chini nilikonda kwa kukosa kijani.

Ndipo nikatengeneza rafu. Nilipata mbao za masanduku ya chai, nikazipanga juu ya matofali ukutani, safu nne. Vikakaa pale vitabu vyangu vya chuo, kamusi, atlasi, na hadithi zilizosomwa mpaka zikalegea. Kati ya vitabu nikaweka mimea: kangaga niliyoing'oa kando ya mfereji nyumbani kwa mama, isale, mshubiri, na mmea mmoja unaotambaa ambao jina lake sikuwahi kulijua. Nikauacha huo ushuke kutoka juu mpaka chini, mbele ya vitabu. Ukingo wa mbao nikauvika kitenge kilichochakaa, nikaning'iniza shanga nilizonunua mnadani kwa mama wa Kimasai. Hapakuwa na mpango. Kila kitu kilikaa pale kilipopendeza. Maji niliyooshea mchele sikuyamwaga. Yalikuwa ya mimea.

Mume wangu aliipenda rafu ile. Nalisema hili kwa sababu baadaye alijifanya hakuipenda. Mara mbili nilimkuta akifuta vumbi kwenye majani kwa kitambaa kibichi, jani moja moja.

Kisha mama akaugua, akalazwa hospitali ya Gonja. Nilimuuguza wiki mbili. Niliporudi, basi lilinishusha adhuhuri, nikamkuta jirani yetu, bibi mmoja aliyestaafu kazi ya kukata mkonge, ameketi kizingitini kwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo."

Akautazama mzigo wangu, akatazama pembeni. "Ingia ndani kwanza," akasema. "Halafu uje tuongee."

Ukuta ulikuwa mtupu. Nyuma ya nyumba, karibu na banda la mbuzi wa jirani, nikaona vyungu vimepasuka. Kangaga ilikuwa imekauka kama tumbaku. Isale ilikuwa imetafunwa mpaka shina.

Mume wangu aliporudi kazini sikumpa hata pole ya kazi.

"Rafu yangu iko wapi?"

"Walikuja wageni kutoka mkoani," akasema. "Tuliambiwa watapita kwenye nyumba za watumishi. Ulitaka waone nini? Wananchi wanahama na mabati kichwani, sisi tumekaa tunamwagilia mapambo? Wangetuita mabepari."

"Walituita?"

Akainama kufungua viatu.

"Nakuuliza. Waliingia humu ndani wakasema hivyo?"

"Hawakuingia," akasema. "Walipita na gari."

Walipita na gari! Na mbao? Zilitumika kuchemshia chai ya wageni kule ofisini. Na vitabu? Alivipeleka ofisini pia, kwa ajili ya elimu ya watu wazima. Angeniambia aliamrishwa, labda ningemwelewa. Amri zilikuwa nyingi siku zile, na nyingine nilizitii mwenyewe. Lakini yeye hakuna aliyemwamuru. Aliogopa tu, kisha akailipia hofu yake kwa vitu vyangu.

Kesho yake asubuhi nikachukua vikapu viwili nikaenda ofisini. Katibu aliinuka kunipokea.

"Karibu, Mwalimu! Tunakushukuru kwa mchango wako."

"Sikuchanga, Ndugu Katibu."

"Mumeo alituambia umeamua mwenyewe."

Mume wangu alikuwa kwenye meza yake ya dirishani, anagonga mihuri. Hakuinua kichwa.

"Mwambie," nikamwambia mbele ya wote. "Mwambie Katibu kama niliamua mwenyewe."

Muhuri ukasimama. Mpiga taipu naye akaacha. Mwishowe mume wangu akasema, kwa sauti ndogo, "Hakuamua. Hakuwapo."

Katibu akacheka kwa aibu, akanionyesha sanduku kwenye kona. "Chukua vitabu vyako, Mwalimu. Tena mke wangu alikuwa anataka kuja kukuomba kipande cha ule mmea wa kutambaa. Aliuona siku moja akipita dirishani."

Hapo ndipo hasira iliponizidi. Kumbe hata nyumbani kwa Katibu mwenyewe walikuwa wanautamani! Nikajaza vikapu vyangu. Kamusi haikuwamo, na mchwa walikuwa wameshaanza atlasi.

Sikumwacha mume wangu. Tulikuwa na watoto, na pa kwenda hapakuwapo. Lakini sikujenga rafu nyingine katika nyumba ile. Vitabu vilikaa kwenye sanduku chini ya kitanda mpaka tulipohamishwa. Mwezi mmoja baadaye alikuja na mche wa mshubiri kwenye kopo, akauweka juu ya meza. Sikuugusa. Alikuwa akiumwagilia mwenyewe kila asubuhi kabla ya kazi, akinitazama kwa kuibia. Ukashika, ukanenepa, ukatoa vichipukizi, na hilo nalo liliniudhi.