Kaka yangu na picha zake za Kyushu

Kaka yangu amerudi leo kutoka masomoni Japani, na sitaki hata kumwona.

Tumekaa sebuleni hapa Issuna, anatuonyesha kwenye simu picha za Kyushu, kisiwa cha huko Japani. Mahekalu. Mlima unaotoa moshi. Yeye mwenyewe kavaa kimono, lile vazi la Kijapani, kando ya chemchemi ya maji moto, anacheka.

Mama kafurahi jamani, anaikumbatia ile simu.

Mimi nikaona tarehe juu ya picha.

Ni siku tuliyomzika baba! Siku ambayo kaka alitupigia simu akilia kuwa chuo kimemnyima ruhusa ya kuja.

Nikamuuliza, "Kaka, hii ulipiga lini?"

Mama naye akaisoma ile tarehe.

Akamrudishia kaka simu taratibu. "Nenda kaburini, ukamwonyeshe na baba yako."

Hadi sasa hajainuka kwenye kiti.

Nyie mngemfanya nini?