Shangazi na Kelele Asizozisikia

Shangazi yangu ni kiziwi tangu utotoni, na ndiye aliyesema boti zinawatesa samaki kwa kelele. Watu wakacheka mbavu hawana. Kiziwi na kelele wapi na wapi? Walinikera sana.

Kazi yake ni kulisha samaki wanaofugwa katika vizimba vya nyavu ziwani. Huu mwaka wa kumi na moja. Hutembea miguu peku juu ya mbao za vizimba, na tangu boti za abiria zianze kupita karibu, nyayo zake huhisi mtetemo kabla sisi wenye masikio hatujasikia kitu. Samaki nao huhisi. Huacha kula, wakazama na kujibana kwenye kona. Walikonda, kisha wakaanza kufa.

Meneja akaja na barua: samaki wamekufa kwa uzembe wa mlishaji. Asaini, aondoke.

“Shangazi, saini tu yaishe,” nilimwambia kwa ishara, maana niliogopa.

“Uongo sisaini!” alijibu kwa ile sauti yake kubwa asiyoweza kuipima. Akamkabidhi meneja ndoo ya chakula. “Vua viatu. Lisha.”

Meneja akavua, soksi na zote. Akatupa chakula, samaki wakapanda wakigombania, maji yakachafuka. Shangazi akainua kidole. Mimi sikusikia lolote. Mara maji yakatulia, hakuna hata mkia. Ndipo mbao zikatutetemesha miguu, na boti ikatokea nyuma ya matete ikinguruma. Ilipita, ikapotea, na chakula bado kilikuwa kinaelea.

Meneja akageuka upande, akaninong’oneza, “Nimeona, lakini boti zina wenyewe. Lazima mtu abebe lawama.”

Aligeuka makusudi ili shangazi asiisome midomo yake. Nilitaka kumsukuma majini.

Shangazi akamzunguka, akasimama mbele yake, pua kwa pua. “Hayo uliyomwambia huyu mtoto, niambie mimi. Niangalie usoni.”

Meneja akainama kutafuta viatu vyake.

Shangazi akaichukua barua, akakata maneno “uzembe wa mlishaji”, akaandika juu yake “injini za boti”, akasaini kwa herufi kubwa. Kisha akamnyooshea kalamu.

“Haya baba, zamu yako. Ukimaliza, unipe anwani ya hao wenye boti.”